Rangi Nane za Treni ya Chumvi

Gisenyi, Jumapili tarehe 8 Novemba 1998

Védaste mudogo wangu,

Jana Jumamosi, saa nne na dakika kumi za asubuhi, nilipoteza kazi ya siku mia moja na kumi na tatu. Haikuibiwa wala haikuungua. Ilichekwa.

Nakueleza kwa utaratibu, usije ukasema hukuelewa.

Nilifika kwa Liliane, yule mwenye nyumba ya wageni karibu na ziwa, nikiwa na sanduku la viatu. Ndani mlikuwa na watu saba wa Treni ya Chumvi, ile filamu ya televisheni, kila mmoja amefungwa kitambaa chake asigongane na mwenzake. Unawajua kuliko mimi, maana ni wewe unayenisimulia habari zao kila wiki tangu mwezi wa tano: Kapteni, Daktari Sabine mwenye mguu mfupi, Gaspar mpishi, mapacha wawili wa makaa, jambazi mwenye mkono wa chuma, na yule mama wa behewa la mwisho mwenye taa. Kila mmoja sentimita kumi na nne, mapacha kumi na mbili. Mifupa yao ni njiti za mwavuli. Magoti ni springi za kalamu, yanakunjika. Vichwa ni vya wanasesere waliovunjika, wale wanaotoka ndani ya robota za caguwa, nguo za mitumba. Nilizisugua zile sura kwa jiwe la volkano mpaka zikakubali kuwa watu wengine. Mkono wa jambazi ni kondensa ya redio. Taa ya yule mama ni balbu ya tochi.

Sikumwomba Liliane kazi. Aliniletea mwavuli niutengeneze mwezi wa nane, akamwona Daktari mezani akiwa bado chuma tupu, bila rangi hata tone, akasema, huyu si Sabine? Alimtambua kwa mguu. Hapo hapo akaagiza wote saba awapange chini ya televisheni yake, pale watu wanapokusanyika Jumapili jioni kutazama. Tena akasema wakipendeza atanipa dirisha la kibaraza nifanyie kazi, lenye umeme na paa. Unajua kwa nini nalihitaji. Mwenye ukuta ninaouegemeza meza yangu sokoni anapanua duka lake. Tarehe 30 nitakuwa sina ukuta.

Basi nikawafungua. Kibarazani walikuwapo watu sita. Karani mmoja anayekunywa chai akamshika Kapteni, akamgeuza huku na huku, akauliza, "Huyu ni nani, mulinzi wa msitu?" Wakacheka wote. Koti la Kapteni ni jekundu, Védaste. Hata mtoto wa kubebwa mgongoni anajua ni jekundu. Uliniambia kijani. Mkoba wa Daktari si wa njano, gauni lake si la bluu, aproni ya Gaspar haina kijani. Rangi nane uliniandikia za watu sita, na rangi nane zote si zenyewe. Yule mama wa taa walipitishana mkono kwa mkono, hakuna aliyemjua.

Liliane hakucheka. Alinivuta kando, akauliza kwa sauti ya chini, "Pascasie, we hujawahi kuitazama?"

Nikasema naitazama. Ni uongo wangu wa kwanza mwaka huu, na nimeusema kwa ajili yako.

We una televisheni ya rangi. Ulimwambia Papa hivyo, na Papa akaitangazia Nyamyumba nzima. Kutoka meza yangu hadi mlango wako ni dakika arobaini kwa miguu, barrière ya mpakani ikiwemo, lakini dada na mdogo wake tunaandikiana kama watu waliotengwa na bahari. Sawa. Kwa karatasi basi niambie: hilo koti la kijani ulilionea wapi? Yule mchuuzi Nyirabagenzi anavuka na kikapu chake cha nyanya kesho. Arudi na jibu Jumanne.

Yaya wako,
Pascasie


Goma, tarehe 10/11/98

Yaya Pascasie,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilikuwa nimesimama, nikaona afadhali nikae.

Pole sana. Na ule karani, bon, mutu anakunywa chai kwenye kibaraza ya wenyewe, anapata wapi nguvu ya kucheka kazi ya mikono? Angeambiwa akunje njiti moja ya mwavuli tu, angelia.

Sasa hii mambo ya rangi. Yaya, televisheni ni kitu ya kichwa ngumu. Hapa kwetu antenne iko juu ya bati, na upepo ya mulima unaijua. Ikipiga huku, watu banakuwa kijani. Ikipiga kule, banakuwa njano. Mi niliandika ile macho iliona. Pengine televisheni ya huyo Liliane ndiyo iko na ugonjwa, nani alienda kumupima?

Ningekuja mwenyewe tuongee, lakini ghala yetu ya depot imejaa mpaka mulangoni, na funguo zote ni mimi. Patron hawezi kufungua hata dirisha kama siko. Tena karatasi yangu ya kupita muda yake imekwisha. Ikitengenezwa nitakuja, usiwe na shaka.

Nakutumia na Nyirabagenzi njiti nne za mwavuli, mikono mbili ya mwanasesere (ya kushoto zote, uniwie radhi) na kofia moja ya valvu ya baiskeli. Naona itafaa kwa kofia ya pacha.

Yule mama wa taa usimuguse. Yeye hatokei kila Jumapili, donc si ajabu kama hawamujui.

Mudogo wako,
Védaste


Gisenyi, tarehe 11 Novemba

Védaste,

Mikono ya kushoto nimeipokea.

Nimeenda kwa Théogène, fundi wa televisheni wa pale nyuma ya soko. Nimemweleza habari ya antena yako na upepo wako. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza kama we ni mzima. Anasema televisheni ikiugua rangi, inaugua yote: kila kitu kitakuwa kijani, ardhi na mbingu na meno ya watu. Haiwezi kumpa Kapteni kijani, Daktari njano, na mapacha rangi ya machungwa, kila mtu na yake, na wiki inayofuata iwarudishie zile zile.

Kwa hiyo nilikaa na barua zako zote. Ni ishirini na sita. Nilitoa kila kipimo ulichonipa: urefu wa mguu wa Daktari, vifungo vya koti ni vingapi, kovu la Gaspar liko shavu gani, jambazi anafunga mkanda kwa mkono upi. Nikavipeleka kwa Liliane, tukavipitia kimoja kimoja. Vipimo thelathini na moja. Umekosea kimoja tu, na ni hicho cha vifungo: ulisema cha tatu hakifanani na vingine, kumbe vyote vinafanana.

Sasa nifanyie hesabu hii. Mtu anaona kovu la shavu la kushoto, anaona mguu mfupi kwa upana wa kidole, halafu rangi nane anazikosa zote nane. Macho ya namna hiyo hayapo. Ama unanidanganya kwa makusudi, ama hiyo televisheni yako haina rangi hata moja.

Liliane amenipa nafasi ya pili. Niwapake upya sita, niwapeleke Jumamosi tarehe 21. Wa saba amesema nibaki naye, hayumo kwenye filamu.

Nakuuliza mambo mawili. Televisheni yako ni ya rangi au ni nyeusi na nyeupe? Na yule mama ni nani?

Pascasie


Goma, 13/11

Yaya,

Rangi nane. Vipimo makumi tatu na moja.

Mutu anaandikia ndugu yake barua makumi mbili na sita, na ndugu anazihesabu. Hujaniuliza hata siku moja kama nimekula. Mwezi wa sita nilikuandikia niko na malaria, ukajibu: mkanda wa jambazi ni upana gani? Nikainuka kitandani Jumapili ile na homa, nikaenda kuangalia mukanda. Sentimita mbili, nilikujibu.



V.


Gisenyi, Jumatatu tarehe 16 Novemba

Védaste,

Barua ya malaria ninayo hapa. Ni kweli. Nilijibu hivyo.

Nakuambia nilichofanya. Jana nilienda kuitazama. Tangu tumzike Papa sijakaa mahali watu wanapocheka, lakini nilifunga kitambaa, nikaenda. Liliane alinipa kiti cha pili kutoka ukutani. Walikuwa watu kumi na tisa, na kila mmoja alikuwa na wa kumgusa kwa kiwiko. Gaspar alipomwaga supu, wote waligeukiana. Mi niligeuka pia, upande wangu wa kushoto. Kulikuwa na ukuta.

Kisha Kapteni akatokea. Nilikuwa nimemshika mkononi siku mia moja na zaidi. Najua goti lake la kulia linalegea, kwa sababu springi ile ilikuwa fupi. Lakini huyu wa kwenye kioo, na koti lake jekundu kama la bwana harusi, sikumjua. Alitembea kama mtu ambaye hajawahi kupata baridi. Wa kwako alikuwa na mgongo umeinama kidogo, uliniandikia hivyo kwenye barua ya tatu: "Yaya, anainama kama anatafuta kitu ilianguka." Nilikunja njiti mara nne kupata huo mgongo. Wa kwenye televisheni kanyooka kama mlingoti.

Kwa hiyo vipimo ulivyokosea si kimoja. Ni viwili.

Behewa la mwisho lipo. Lilipita polepole mwishoni, wakati majina ya watu yanapanda. Mlango uko wazi, taa imening'inia kwenye ndoano, inayumba. Hamna mtu. Nilimuuliza Liliane kama kuna mama anayekaa humo. Akasema, hapana, lile liko tupu tangu mwanzo, linavutwa tu.

Mi nimetengeneza mtu wa behewa tupu. Uliniandikia kilemba chake cha bluu, kandambili zake ambazo moja kamba imefungwa kwa waya, na kwamba haongei kamwe, ananyanyua taa tu treni ikiingia gizani. Nilimpenda kuliko wote, sikuambii uongo. Huwa namweka dirishani ninapokula.

Ijumaa nawapaka rangi. Jumamosi saa nne nawapeleka, jibu lako liwe limefika ama halijafika. Lakini nauliza tena, na safari hii sina hasira: huyu ni nani?

Na umekula?

Pascasie


Goma, 19/11/98

Yaya yangu,

Nimekula. Muhogo na samaki ya sambaza. Asante kwa kuuliza.

Nakuambia yote na usinikatize, hata kwa karatasi unaweza kunikatiza, nakujua.

Televisheni si yangu. Ni ya jirani, mama mumoja muzuri, na iko nyeusi na nyeupe, ndogo kama sanduku ya sabuni. Nyumba yake inajaa watoto, donc mi nakaa mulangoni, nje kidogo, juu ya bidoni. Mvua ikinyesha natazama na mwavuli. Ndiyo ile mwavuli ambayo njiti zake nilikutumia, upepo iliimaliza.

Na depot, funguo si mimi. Mi nabeba. Magunia. Patron hajui hata jina yangu, ananiita "we wa kofia".

Ilianza na Papa. Mwaka 95 mulipopanda lori kurudi Rwanda mi nikakatala, nikasema Goma iko na maisha, mutaona. Unakumbuka nilivyosema, na kifua mbele. Sasa mwaka wa kwanza nikabeba magunia, na wa pili, na Papa anatuma watu kuuliza. Siku moja nikamuandikia niko chef wa depot, mukubwa wa watu yote, na niko na televisheni ya rangi. Ilikuwa uongo mudogo, ya wiki moja tu. Lakini akafurahi, Yaya. Akatuma mutu kuniambia amefurahi. Ungeirudisha namna gani?

Siku ya kumuzika nilifika barrière saa mbili ya asubuhi. Karatasi ilikuwa sawa. Hata leo iko sawa, ile habari ya muda kwisha niliitunga. Nilikuwa na viatu ya kuazima na kilo mbili ya sukari. Nikaona nitafika Nyamyumba, na watu yote banangoja chef wa depot, na mi niko na sukari. Nikasimama. Jua ikapanda, ikageuka. Nikarudi.

Donc mwezi wa tano, nilipoanza kukuandikia juu ya treni, nilitaka tu kuwe na kitu ya kusema isiyokuwa hiyo. Ulijibu huna muda wa hadithi. Kisha barua ya pili ukauliza: Kapteni ni mrefu kiasi gani? Nilicheka peke yangu njiani mpaka watu banageuka. Nikajua umechukua njiti.

Halafu ukauliza rangi. Ningesema nini? Nikafunga macho nikatafuta rangi, na zile nilizipata zote zilikuwa za nyumbani Masisi. Njano ya mukoba ni ile bidoni ya maji uliyokuwa unabeba. Bluu ya gauni ni mulango yetu. Kijani ya aproni ni ile sahani ya Mama yenye ilipasuka. Machungwa ya mapacha ni udongo ya njia ya shule. Na koti, Yaya, unashangaa nini? Koti ya kijani, kifungo ya tatu haifanane kwa sababu wewe mwenyewe ulishona ya suruali pale, na mutu mwenyewe anainama kidogo kama anatafuta kitu ilianguka. Mi nilifikiri ulishajua. Kila wiki nilingoja useme.

Yule mama ni wewe. Behewa iko tupu, na mi sipendi kuiona tupu. Siku mulipopanda lori, ulikaa nyuma kabisa na taa, juu ya mizigo, na kilemba ya bluu, na kandambili yenye nilikufungia waya asubuhi ile. Hukuongea. Lori ilipofika kona uliinua taa. Mi nikaona, lakini sikuinua mukono.

Sasa umejua. Koti ya Papa ilienda naye?

Védaste


Gisenyi, Jumapili tarehe 22 Novemba 1998

Védaste,

Nyirabagenzi alikuwa na mtoto mgonjwa, hakuvuka Ijumaa. Barua yako ilinifikia jana saa kumi ya jioni. Ijumaa nilishawapaka. Jana saa nne nilishawapeleka.

Kwa hiyo Kapteni ni mwekundu. Verni ya kucha, tabaka mbili. Daktari, Gaspar, mapacha na jambazi, wote wako kama inavyotakiwa. Karani alikuwapo, safari hii akamshika Kapteni akasema, eh, huyu sasa ni yeye. Liliane amenipa dirisha. Nahamia tarehe 30.

Niliposoma barua yako nilivaa viatu nikarudi kwa Liliane, nikamwomba Kapteni kwa dakika tano, nikasema nimesahau kukaza goti. Ni uongo wa pili mwaka huu, na huu sikuusema kwa ajili yako tu. Nilikaa kwenye ngazi na kipande cha jiwe la volkano, nikasugua pindo la koti, kwa ndani, mahali ambapo rafu itaficha. Wekundu ukatoka. Kijani kiko chini yake, kizima. Nimekaza na goti kweli, ili nisiwe nimedanganya kabisa, kisha nikamrudisha.

Sasa nisikilize, kwa sababu kuna mambo na mi sijakuambia.

La kwanza: nilijua ya barrière. Nyirabagenzi alipita pale siku ile ile na kikapu chake, akakuona na viatu vinavyokubana na mfuko wa sukari. Aliniambia tukiwa bado na udongo mikononi. Nimekaa na jambo hilo siku mia mbili na hamsini na mbili. Nilitaka useme mwenyewe. Kila barua yako nilikuwa naipekua, natafuta hilo, nakuta mguu wa Daktari. Ndipo na mi nikawa naandika mguu wa Daktari. Tumejibizana hivyo miezi sita, watu wawili wazima.

La pili: Nyamyumba hawakuwa wanangoja chef wa depot. Papa alipokuwa mgonjwa nilimpeleka kwenye chemchemi ya maji ya moto aloweke magoti, tukakaa pale, nikamwambia sidhani Védaste ana televisheni. Nilitaka kumsikia atasema nini. Alicheka kidogo. Akasema, "Najua. Mutu mwenye televisheni haandiki barua ndefu vile."

Sikukuambia kwa sababu ulikuwa hukuja kumzika, na mi nilitaka hasira yangu ibaki nzima. Imebaki nzima mpaka jana saa kumi.

La tatu ni koti. Halikwenda naye. Alisema ni lako. Liko hapa chumbani Gisenyi, kwenye msumari, nyuma ya mahali ninapokaa kufanya kazi nikirudi kutoka sokoni. Unaelewa ninachokuambia? Nilishona koti la sentimita tano kwa kitambaa cha mwavuli, nikalipaka kijani, nikatafuta kifungo cha tatu kisichofanana na vingine, nikapata taji la saa ya mkononi, kile kifundo cha kuzungushia, nikajisifu. Nikakunja mgongo mara nne. Na koti lenyewe likiwa limening'inia nyuma yangu muda wote huo, hatua moja na nusu. Sikugeuka. Mi ninayehesabu kila kitu.

Yule mama wa taa sikumpa Liliane, wala hakumtaka. Yuko hapa. Nitamsimamisha kwenye dirisha jipya, upande wa barabara, ili watu waulize huyu ni nani.

Dirisha nimelipima. Lina upana wa mita moja na sentimita themanini. Fundi mmoja anatumia sentimita tisini. Liliane ana televisheni tatu za wageni zinazohitaji mtu wa kupanda kurekebisha antena, na mi sipandi bati. Miavuli iko, redio ziko, taa ziko. Nimeshapata stuli ya pili. Mguu wake mmoja ni mfupi, nimeuongezea kipande cha kandambili.

Koti silitumi kwa Nyirabagenzi. Anabeba nyanya, litachafuka. Na hata asingebeba kitu, silitumi.

Jumamosi hii, tarehe 28, saa nne na dakika kumi za asubuhi, nitakuwa nimesimama barrière, upande wetu, nalo mkononi. Njoo na viatu vyako mwenyewe. Usilete sukari. Nikikuona nitanyanyua mkono, nawe safari hii unyanyue.

Lakini sitaki kusimama pale mpaka jua ligeuke, tayari familia hii imefanya hivyo mara moja. Nyirabagenzi anarudi kutoka Goma Alhamisi saa tisa. Usiniandikie habari ya upepo, wala ya patron, wala ya karatasi. Usinipambie rangi. Chukua kalamu nyeusi na karatasi nyeupe, uandike neno moja, nami nilisome kabla hajashusha kikapu: unakuja kulivaa koti la Papa, ndiyo au hapana?

Yaya wako,
Pascasie